Kindu: Uongo wa Simu Moja, Mbio za Shule Nzima

Jumamosi ya tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za mizigo za jeshi la anga la Italia zilitua Kindu, mashariki mwa Kongo, zikitokea Kamina. Zilikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, nazo zilileta mahitaji ya kikosi cha askari wa nchi ya Malaya (leo sehemu ya Malaysia) kilichokuwa kikilinda amani mjini. Wanaanga waliokuwamo walikuwa 13. Waliposhuka walikwenda kula chakula cha mchana pamoja na wenyeji wao wa Umoja wa Mataifa, na huko ndiko askari wa Kongo walikowavamia. Waliwadhania kuwa askari wa miavuli wa Katanga, mamluki wa Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, waliokuja kuuteka mji. Wote 13 waliuawa. Miili yao ilipatikana mwanzoni mwa 1962 katika makaburi ya Tokolote, ikasafirishwa hadi Pisa, na huko imezikwa.

Kwa Waitaliano jina la Kindu bado ni jina la msiba huo. Kwa watu wa Maniema, mkoa ambao Kindu ni makao yake makuu, linapaswa pia kuwa fundisho. Katika mji ulio na hofu, habari isiyohakikiwa huchukua saa chache tu kugeuka maiti. Wakati ule habari ilipita mdomoni, kwa mguu na kwa redio za jeshi. Siku hizi inapita kwenye simu ya kila mzazi, na mahali inapofika upesi kuliko pote ni shuleni, kwa kuwa hakuna hofu inayomkimbiza mtu kama hofu juu ya mwanawe.

Dharura bila namba

Ukimtajia msomaji wa Nairobi simu ya dharura, atafikiria 999 au 112. Wa Dar es Salaam atafikiria 112 ya polisi au 114 ya zimamoto. Kindu mambo huenda kwa njia nyingine. Mzazi mwenye hofu humpigia mtu anayemjua: mwalimu wa darasa, direkta wa shule ya msingi, prefe wa sekondari, shemeji aliye polisi, au mtangazaji wa redio aliyesoma naye. Kwa hiyo hata simu ya uongo haipigwi kwenye kituo fulani chenye watu waliofunzwa kuichuja. Inaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa shati la mwalimu.

Hapo ndipo tofauti yetu na nchi nyingine ilipo. Marekani, mtu akipiga simu na kudanganya kwamba kuna mwenye bunduki shuleni, wanaofika mbio ni polisi wenye silaha. Kindu wanaofika mbio ni wazazi. Wanatoka sokoni, wanatoka mashambani, wanatoka bandarini, kila mmoja na pikipiki yake ya kukodi, na wote wanataka kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja. Mji wenyewe umegawanywa na mto: komini za Kasuku na Mikelenge upande wa kushoto wa Lualaba, Alunguli upande wa pili. Mtoto wa Alunguli anayesoma ng'ambo hufika shuleni kwa mtumbwi. Siku ya utulivu safari hiyo ni ya kawaida. Siku ya vurugu, mtumbwi uliozoea abiria kumi huvamiwa na thelathini.

Sura nne za uongo mmoja

Uongo unaoitikisa shule una sura nyingi, lakini nne ndizo zinazojulikana sana katika ukanda wetu.

Ya kwanza ni ya tapeli. Wazazi wa Kenya wenye watoto katika shule za bweni wanaifahamu vizuri. Simu inalia katikati ya kazi, sauti ya upole inajitambulisha kuwa mwalimu au muuguzi, inasema mtoto ameanguka, yuko hospitali, anahitaji dawa sasa hivi, tuma pesa kwa namba hii. Mara nyingi mpigaji anajua jina la mtoto na la shule. Mzazi anatuma kwanza, anauliza baadaye. Tangu pesa zianze kusafiri kwa simu nchini Kongo, mlango huo uko wazi huku pia.

Ya pili ni ya vita, na kwa Kindu ndiyo nzito kuliko zote. Tangu waasi wa M23 walipoitwaa Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, kila mji wa mashariki uliobaki mikononi mwa serikali unaishi ukisikiliza. Neno moja tu, "wanaingia", linatosha kufunga soko.

Ya tatu ni ya chanjo. Maniema inaijua polio kwa karibu: mwaka 2017 mlipuko wa polio ulithibitishwa katika mkoa huu, na timu za chanjo zimekuwa zikipita mitaani na shuleni mara kwa mara. Mahali ambapo chanjo inahitajika sana, ndipo uvumi juu yake unapofanya madhara makubwa. Nigeria waliona jambo hili Oktoba 2017. Ulienea uvumi kwamba wanajeshi wanawadunga wanafunzi sindano za kuwaambukiza ugonjwa wa mpox, wakati huo ukiitwa ndui ya nyani. Wazazi wa majimbo ya kusini mashariki walizivamia shule kuwatoa watoto wao, na shule zikafungwa. Hakukuwa na sindano ya namna hiyo.

Ya nne ni ya mzaha. Mwanafunzi ambaye hakusoma kwa ajili ya mtihani, au kijana aliyefukuzwa wiki iliyopita, anachukua simu ya kaka yake na kutangaza hatari. Hii ndiyo huchekwa baadaye. Lakini wakati inapita, hakuna anayejua kuwa ni mzaha.

Sekunde arobaini za sauti

Tuwazie asubuhi moja ya Jumanne. Saa tatu na nusu, mama mmoja muuza samaki wa kukausha anapokea sauti ya WhatsApp ya sekunde arobaini. Mwanamke anahema, nyuma yake kuna kelele za watu. Anasema ndugu zangu, mwenye mtoto masomoni aende amchukue sasa hivi, leo wanaingia, mimi nimeona kwa macho yangu. Basi. Mama anaifunika bidhaa yake kwa turubai, anasimamisha pikipiki.

Irudie sauti hiyo polepole, utaona imejaa mashimo. Inasema "leo" bila kutaja tarehe. Sauti iliyorekodiwa mwezi uliopita ikitumwa leo inakuwa ya leo. Haitaji mtaa, haitaji shule, haitaji wanaoingia ni nani wala wanaingia kwa njia ipi, ya Kalima au ya Kasongo. Msemaji hajitaji jina. Na juu ya ujumbe kuna mishale miwili midogo, alama ya kwamba umeshapita mikono mingi kabla ya kumfikia yeye. WhatsApp yenyewe ilikwisha kuona hatari hiyo. Mwaka 2019 ilipunguza duniani kote idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyatumia ujumbe kwa mpigo mmoja hadi matano, na Aprili 2020, janga la korona lilipochacha, ikasema ujumbe uliosambaa mno utumwe kwa mmoja mmoja tu. Kampuni imepunguza mwendo. Kuuliza maswali ni kazi ya aliyeshika simu.

Kabla ya simu kuja, bonde la mto Kongo lilikuwa na utaratibu wa kujibu mojawapo ya maswali hayo, lile la "nani". Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani na kuandika kitabu juu ya ngoma za kupashana habari mwaka 1949, alieleza jinsi kila mtu alivyokuwa na jina lake la ngoma. Ujumbe uliotoka kijiji hiki kwenda kile ulijulikana unamhusu nani. Simu imeongeza kasi na imeondoa jina.

Kinachoua ni mbio

Ukichunguza misiba iliyotokea katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki kwa sababu ya hofu isiyo na msingi, utakuta jambo moja linajirudia. Habari yenyewe haikumgusa mtu. Walioumia waliumizwa na mbio.

Tarehe 12 Aprili 2015, kabla ya mapambazuko, mlipuko wa hitilafu ya umeme ulisikika katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Zilikuwa zimepita siku kumi tu tangu magaidi wa Al-Shabaab waue watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wanafunzi waliamka wakijua kitu kimoja: ndiyo haya yamefika. Waliruka kutoka ghorofani, walikanyagana ngazini. Mwanafunzi mmoja alikufa na zaidi ya mia moja walijeruhiwa. Hakukuwa na gaidi hata mmoja.

Novemba 30 mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifanya zoezi la kujihami dhidi ya ugaidi. Milio ya risasi ikasikika, watu waliojifanya washambuliaji wakaingia, na wengi hawakuwa wameambiwa kwamba ni zoezi. Watu waliruka madirishani. Mfanyakazi mmoja wa chuo alifariki kwa majeraha, na makumi wakaumia. Zoezi lililokusudiwa kuokoa likawa lenyewe ndilo hatari.

Na Februari 3, 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, watoto 14 walikufa kwa kukanyagana wakishuka ngazi wakati wa kutoka darasani jioni. Hapo hapakuhitajika hata uvumi. Ngazi nyembamba na watoto wengi wenye haraka vilitosha.

Shule nyingi za Kindu ni za chini, hazina ghorofa, lakini zina kitu kinachofanana na ngazi ya Kakamega: darasa lililojaa. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure Septemba 2019, watoto wameongezeka kuliko madawati. Watatu au wanne hubanana kwenye dawati lililokusudiwa wawili, njia katikati ni ya kupita kwa ubavu, na mlango ni mmoja. Mwalimu akisema "kimbieni", wa mbele watatoka. Wa nyuma, na wadogo, watakuwa chini ya miguu.

Kukimbia kuna madhara mengine yasiyoonekana siku ileile. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa Mei 22, 2021, hatari ilikuwa ya kweli na watu wa Goma walikuwa na haki ya kuondoka. Lakini katika msukosuko ule UNICEF iliripoti kuwa zaidi ya watoto 150 walitenganishwa na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Walikuwa nyumbani usiku, pamoja na wazazi wao, na bado wakapotezana. Sasa fikiria asubuhi, mzazi yuko sokoni, mtoto yuko darasani, dada yake yuko shule nyingine ng'ambo ya mto, na kila mmoja anaanza kumtafuta mwenzake kwa njia tofauti.

Lisemwalo lipo?

Msomaji atauliza: basi tuzipuuze? Methali yetu inasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mashariki mwa Kongo methali hiyo ina ushahidi mwingi mno. Garissa haikuwa uvumi. Siku zilizotangulia shambulio, tahadhari zilikuwa zimetolewa kwa vyuo vya Kenya, na baadhi ya walionusurika waliwaeleza wanahabari kwamba tangazo la kuwapo kwa watu wasiojulikana walilichukulia kuwa utani wa Aprili mosi. Shambulio lilikuja alfajiri ya Aprili 2. Usiku wa Juni 16, 2023, wapiganaji wa kundi la waasi la ADF walivuka kutoka upande wa Kongo, wakaivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, magharibi mwa Uganda, na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Kongo yenyewe iliidhinisha Azimio la Shule Salama, ahadi ya kimataifa ya kulinda shule wakati wa vita, mwaka 2016, na haikufanya hivyo kwa sababu ya mambo ya kuwazia tu.

Hapa ndipo uongo unapofanya kazi yake mbaya zaidi. Kila simu ya uongo inaipunguzia thamani ile ya kweli itakayofuata. Baada ya mara tatu za kukimbia bure, mwalimu ataanza kutabasamu akisikia taarifa ya nne. Kwa hiyo shule haiwezi kuchagua kati ya kuamini kila kitu na kutoamini chochote. Inahitaji njia ya tatu: kuna hatua ambazo hazimdhuru mtoto hata kama habari ni ya uongo, na hizo zichukuliwe mara moja. Zile zinazoweza kumdhuru zisubiri uhakika.

Kuwaingiza watoto darasani, kufunga mlango, kuita majina na kunyamaza ni hatua ya kwanza. Haimuumizi mtu. Kuwatoa wote barabarani ni hatua ya pili, nayo inaweza kuua. Kati ya hizo mbili pana dakika kumi za kuuliza, na usalama wa shule uko katika dakika hizo.

Wengine wamejifunza nini

Uongo huu umekuwa biashara duniani. Mei 1, 2024, zaidi ya shule mia moja za Delhi na vitongoji vyake, India, zilipokea kwa pamoja barua pepe za kutisha juu ya mabomu, madarasa yakamwagika nje, na hapakupatikana bomu. Kabla ya siku saba kupita, Mei 7, Slovakia nayo ikapata vitisho vya aina hiyo katika shule zaidi ya 1,000.

Marekani wamepata hasara kubwa zaidi. Desemba 2017 mtu asiye na hatia aliuawa na polisi mlangoni mwa nyumba yake huko Wichita, Kansas, baada ya simu ya uongo iliyopigwa kutoka California, na mwaka 2019 mpigaji akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Kijana mwingine wa California alikiri Novemba 2024 kupiga zaidi ya simu 375 za namna hiyo katika muda usiofika mwaka mmoja na nusu, zikiwamo za shule na nyumba za ibada, na alikuwa akiitangaza kazi hiyo kama huduma ya kulipiwa. Alikuwa na miaka 18 alipohukumiwa, Februari 2025, kifungo cha miaka minne. Na mwishoni mwa 2022 redio ya NPR ya huko iliripoti kwamba baadhi ya simu zilizotikisa shule za Marekani zilipitia anwani za intaneti zilizoonyesha Ethiopia. Anwani kama hiyo inaweza kuwa ya kufichia tu, lakini inaonyesha jambo moja: anayeitisha shule si lazima awe katika mji ule, wala katika bara lile.

Kutokana na mikasa hiyo polisi wa Marekani wamepata kanuni rahisi ambayo hata Kindu inafaa. Tukio la kweli huzaa simu nyingi. Pakiwa na risasi shuleni, atapiga mwalimu, atapiga jirani, atapiga muuza duka la mbele, na kila mmoja ataeleza kipande chake. Pakiwa na simu moja tu, kutoka namba isiyojulikana, mpigaji hajui jina la barabara au analitamka vibaya, na hakuna mwingine aliyeona wala kusikia, basi shaka iwe kubwa. Mtu haachi kujihadhari, ila anajua kwamba bado hajapata uthibitisho.

Kinachowezekana Kindu

Hakuna lolote katika haya linalohitaji kamera au kompyuta. Shule ya Alunguli isiyo na umeme inaweza kuyafanya yote wiki hii.

La kwanza ni kujulikana nani anapokea habari. Shule iwe na namba mbili, ya direkta au prefe na ya msaidizi wake, zibandikwe ukutani na ziandikwe kwenye kadi ya kila mwanafunzi. Mwalimu aliye darasani akipata simu ya kutisha asiwatangazie watoto. Amfuate mkuu wa shule, ampe simu.

La pili ni kukata na kupiga upya. Mtu akijitambulisha kuwa afisa wa jeshi, wa afya au wa ofisi ya elimu ya mkoa (PROVED), mkuu wa shule aseme ahsante, akate, kisha apige namba ya ofisi hiyo aliyoiandika yeye mwenyewe zamani kwenye daftari lake. Tapeli hawezi kupita hapo. Mzazi naye afanye vivyo hivyo. Akiambiwa mtoto ameanguka, kabla ya kutuma franka hata moja apige ile namba iliyo kwenye kadi.

La tatu ni vyanzo viwili visivyotokana na kimoja. Ujumbe uleule uliopokewa na watu ishirini bado ni chanzo kimoja. Burgumesta, yaani mkuu wa komini, ni chanzo, chifu wa mtaa ni chanzo, shule jirani ni chanzo, na mtu aliyesimama mahali panaposemekana pana tatizo ni chanzo bora kuliko wote. Mtandao wa simu ukikatika, kama inavyotokea, atumwe mtu mzima kwa pikipiki hadi ofisi ya komini. Shule za mtaa mmoja zikikubaliana mapema, prefe wa hapa ataweza kumuuliza wa pale kwa dakika moja: na wewe umesikia nini?

La nne ni kengele. Katika shule nyingi kengele ni kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini, ringi ya gari au pande la reli, na mtoto mkubwa ndiye anayeligonga kwa nondo. Watoto wanajua mapigo ya kuingia, ya mapumziko na ya kutoka. Waongezewe pigo moja la kubaki ndani na kukaa chini, wasiliogope, walizoee. Mazoezi yafanyike, lakini msiba wa Strathmore ukumbukwe: watoto, walimu na wazazi waambiwe siku na saa, na kengele ya zoezi isiambatane na mlio wowote wa kutisha.

La tano, na ndilo linaloshindikana mara nyingi, ni kumkabidhi mtoto kwa jina. Darasa la watoto sitini linaweza kuondolewa na wazazi kwa robo saa bila mtu kujua nani ameondoka na nani. Hapo ndipo mtoto hupotea, na hapo ndipo mtu mwenye nia mbaya humchukua asiye wake. Daftari moja linatosha: jina la mtoto, majina ya watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua, namba zao. Siku ya vurugu mwalimu asimame mlangoni na daftari lake, mzazi ataje jina, mtoto aitwe, itiwe alama, waende. Mzazi aliyekuja akihema atakasirika kusubiri. Atashukuru jioni. Na wa ng'ambo ya mto asiachiwe kwenda bandarini peke yake, hata awe wa darasa la sita.

La sita ni redio. Redio Okapi, inayotangaza tangu Februari 2002, ina kituo Kindu, na pamoja na redio ya taifa na redio za mtaa ndiyo inayosikika hata pale ambapo pesa za intaneti zimekwisha. Ofisi ya elimu ya mkoa na redio hizo ziwekeane ahadi moja: habari ya kufunga au kufungua shule itangazwe tu ikitoka kwa mtu aliyetajwa, kwa sauti yake, pamoja na tarehe na saa. Wizara ya elimu nayo ina namba 178, ya Allô École, ambapo mzazi anaweza kuuliza au kulalamika kuhusu shule. Namba hiyo haizimi moto wala kufukuza mvamizi, lakini uvumi wa chanjo au wa mtihani kuahirishwa unaweza kuulizwa hapo.

Sheria na mipaka yake

Sheria ipo. Kifungu cha 199 bis cha kanuni ya adhabu ya Kongo kinamwadhibu anayeeneza kwa makusudi habari za uongo za kuwatia watu hofu. Sheria ya mambo ya kidijitali ya Machi 13, 2023 nayo, katika kifungu cha 360, imeweka kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita kwa anayeanzisha au kusambaza habari za uongo dhidi ya mtu kwa njia ya mitandao.

Lakini sheria hizo zimeonyesha zinavyoweza kuelekezwa kwingine. Mwanahabari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa Septemba 2023 kwa tuhuma za kueneza habari za uongo, akakaa gerezani miezi sita, akahukumiwa Machi 2024. Mashirika ya kutetea wanahabari yaliona kesi ile kuwa ya kuwanyamazisha waandishi. Mji ambao watu wanaogopa kusema walichokiona ni mji ambao uvumi hustawi zaidi, kwa sababu wenye majina hunyamaza na wasio na majina ndio wanaobaki wakisema.

Na mpigaji akiwa mwanafunzi? Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 10, 2009 inasema aliye chini ya miaka 14 hawezi kuwajibishwa kwa jinai, na aliyezidi hapo ana hakimu wake wa watoto. Kumpeleka mtoto wa miaka 13 kwenye selo ya polisi ni kuongeza kosa juu ya kosa. Aitwe na wazazi wake, aonyeshwe waliokimbia, aliyevunjika mkono, mtoto aliyepatikana saa kumi na mbili jioni, na apewe kazi ya kurekebisha alichokiharibu. Fimbo ya sheria iwekwe kwa tapeli anayewakamua wazazi na kwa mtu mzima anayejua anachofanya.

Hata hivyo adhabu huja baada ya mbio, na mtoto aliyekanyagwa hafaidiki nayo. Kinachomlinda ni utaratibu uliokubaliwa kabla. Shule za Kongo hufunguliwa Septemba, na kamati za wazazi hukutana mwanzo wa mwaka kuzungumzia madawati, paa na michango. Katika mkutano huo kila mzazi wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli amuulize mkuu wa shule maswali matatu. Nani hapa anapokea simu ya dharura na anamuuliza nani? Ni pigo lipi la kengele linalowaambia watoto wabaki ndani? Nani, kwa jina, anaruhusiwa kumchukua mwanangu? Shule isiyoweza kujibu matatu hayo haijajiandaa, na kuiandaa kunagharimu daftari moja na alasiri moja ya kukubaliana.